Wataalamu wa Uchunguzi wa Jinai na Nafasi ya Dalili katika Sharia

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Imamu wa Chiwata, au wa kijiji chochote cha Masasi na Newala, huweza kufikwa na jambo hili: mtu amekutwa amekufa kwenye mikorosho, na mwilini ana jeraha lisiloeleweka. Ndugu wanataka azikwe kabla ya alasiri. Polisi wanasema maiti ipelekwe kwanza hospitali ikachunguzwe. Je, imamu aseme nini?

Dalili katika Qur'ani na Sunna

Katika Sura Yusuf, kanzu imekuwa ushahidi mara mbili. Kwanza, ndugu zake waliileta ikiwa na damu ya uongo, wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Yaaqub (A.S.) aliiona haikuraruliwa, akajua hakuliwa na mbwa mwitu. Pili, ilitazamwa imechanika upande gani. Ilipoonekana imechanika nyuma, Yusuf (A.S.) alitoka katika tuhuma.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kuwa Mujazziz al-Mudliji, mjuzi wa kutambua nasaba, aliitazama miguu ya Zayd na mwanawe Usama akasema ni ya damu moja, na Mtume (S.A.W.) akafurahi. Kwa hadithi hiyo madhehebu yetu ya Shafi inakubali kauli ya mtaalamu huyo katika nasaba, ingawa Mahanafi hawaikubali.

Ibnul Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria), katika kitabu chake At-Turuq al-Hukmiyya, ametaja kisa cha mwanamke aliyejipaka ute wa yai nguoni ili amsingizie kijana. Sayyidna Umar (R.A.) alimtaka shauri Sayyidna Ali (R.A.), naye akamwagia maji ya moto. Ute ukaganda, na uongo ukadhihiri.

Kazi ya wataalamu wa leo

Daktari huchunguza maiti ajue sababu ya kifo. Wa alama za vidole hulinganisha alama. Katika kuipanga elimu hiyo huko Bengal alishiriki Mwislamu, Qazi Azizul Haque, na ofisi yake ya kwanza ilifunguliwa Kolkata mwaka 1897. Mkemia hupima sumu, damu na vinasaba. Hapa Tanzania kazi hiyo hufanywa na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na vinasaba vina sheria yake ya mwaka 2009.

Njia ya vinasaba iligunduliwa na Alec Jeffreys, Uingereza, mwaka 1984. Ilipotumiwa katika kesi ya mauaji mwaka 1986, kwanza ilimwokoa kijana aliyekwisha kukiri kosa ambalo hakulitenda. Muuaji wa kweli alihukumiwa mwaka 1988.

Mipaka yake

Baraza la Fiqhi la Makka, katika kikao cha mwaka 1422 Hijria (2002), liliruhusu vinasaba vitegemewe katika makosa yasiyo na hadd wala kisasi, kwa kuwa hudud huzuiwa na shubha. Mahakama zetu nazo huyasikiliza maoni ya mtaalamu, lakini hayamfungi hakimu.

Jibu la swali

Baraza hilohilo, mwaka 1408 Hijria (1987), liliruhusu upasuaji wa maiti kwa ajili ya kesi ya jinai. Heshima ya maiti iko palepale, kwa hiyo hupasuliwa kwa kiasi cha haja tu. Imamu na awaambie ndugu wasubiri, wala maiti isioshwe, kwani maji huondoa dalili. Kuharakisha mazishi ni sunna. Kuhifadhi haki ya aliyeuawa ni wajibu.

Vivyo hivyo mwanamke aliyebakwa asiharakishe kuoga wala kufua nguo. Apate fomu ya PF3 na kufika hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita. Akiwa katika hali mbaya, atangulie hospitali.

Na kifo kisichoeleweka kisifanywe sababu ya kumnyooshea kidole bibi kizee kuwa ni mchawi. Ramli ya mganga si dalili. Tukiacha uchunguzi, pengo lake hujazwa na dhana, na dhana hiyo huweza kumwua asiye na hatia.

Wallahu a'lam.