Pesa Zikiibwa kwa Kompyuta, Bima Italipa?

Maduka, zahanati, shule na vyama vya akiba katika Kalama vinazidi kuweka hesabu zao kwenye kompyuta na simu. Mwenye biashara wa Kola au Muumandu aliyekata bima ya moto na wizi anaweza kudhani kuwa hasara ya mtandaoni imo pia. Mara nyingi haimo.

Bima ya wizi hulipa mwizi akivunja mlango. Bima ya vifaa vya elektroniki hulipa kompyuta ikipigwa na radi. Hesabu zilizokuwa ndani ni jambo jingine. Bima ya uaminifu wa wafanyakazi hulipa karani akitoroka na pesa, lakini mdukuzi aliye mbali si karani. Pengo hilo ndilo linalozibwa na bima ya mtandao, inayouzwa peke yake au kama nyongeza.

Hasara ya kwanza ya kuangaliwa ni ya programu za kudai kikombozi. Wadukuzi hufunga faili zote, kisha hutaka pesa ndipo wazifungue. Aprili 2023, Naivas ilitangaza kuwa imeshambuliwa hivyo, na biashara ndogo nazo hazijasalimika popote duniani. Bima ya mtandao inaweza kugharamia wataalamu wa kurejesha faili, mapato yaliyopotea na, katika baadhi ya hati, kikombozi chenyewe. Kwa kawaida kampuni ya bima hutaka kuulizwa kabla ya shilingi yoyote kulipwa. Anayelipa kwanza na kuuliza baadaye anajiweka pabaya.

Maneno ya hati yana uzito. Mwaka 2017, kampuni ya G&G Oil ya jimbo la Indiana, Marekani, iliwalipa wadukuzi takriban dola 35,000 kwa bitcoin. Kampuni yake ya bima ilikataa kuzirudisha: ilisema pesa zilitolewa kwa hiari, tena mteja alikuwa amekataa kununua bima ya udukuzi. Mahakama mbili zilikubaliana nayo. Machi 2021, Mahakama ya Juu ya Indiana ilitengua uamuzi huo, ikisema malipo ya aliyebanwa namna hiyo si ya hiari tupu. Hata hivyo haikuamuru fidia. Swali la iwapo wadukuzi waliingia kwa hila lilirudishwa mahakama ya chini. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini mabishano ya aina hiyo yanaweza kuzuka hapa.

Hasara ya pili ni ya kawaida zaidi, na ndiyo inayowaponyoka wengi. Mfano ni mweka hazina wa Sacco anayepokea barua pepe inayoonekana kutoka kwa muuzaji wa mbolea, ikisema akaunti ya benki imebadilika. Anatuma Sh400,000. Hakuna aliyevunja mfumo wowote. Pesa zimetumwa na mwenye mamlaka ya kuzituma. Hati nyingi hulipa tu ikiwa mdukuzi ndiye aliyeingia na kuzihamisha. Aliyedanganywa akatuma mwenyewe huhitaji kifungu tofauti, ambacho mara nyingi kina kiwango kidogo cha fidia na sharti la kupiga simu kwanza kwa nambari iliyojulikana tangu zamani. Kabla ya kutia sahihi, ajenti aulizwe hili waziwazi, na jibu lionyeshwe ndani ya hati. Jibu la mdomo halisaidii siku ya dai.

Fomu ya maombi nayo ijazwe kwa ukweli. Anayeandika kuwa hunakili faili zake kila wiki, na hafanyi hivyo, anaweza kunyimwa fidia. Leseni ya kampuni huthibitishwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ambayo pia hupokea malalamiko ya wateja.

Shambulio likitokea, saa huanza kuhesabiwa. Sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018 inataka mashambulio yaripotiwe ndani ya saa 24 kwa kamati ya kitaifa inayosimamia masuala hayo. Taarifa za wateja zikivuja na kuwaweka hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72, kwa sheria ya 2019. Polisi watoe nambari ya OB, kampuni ya bima ipigiwe siku hiyo hiyo, na kompyuta itolewe kwenye intaneti bila kufutwa chochote, kwa kuwa faili zilizofungwa na ujumbe wa wadukuzi ni ushahidi wa dai.