Bibi Ngilu na Afya ya Ukambani

Mtu atokaye mji wa Kitui kuelekea kusini wakati wa kiangazi huona jambo ambalo wenyeji wamelizoea. Mito mingi imekauka, na katika mchanga wake wamo wanawake wakichimba visima vifupi, wakingoja maji yajikusanye. Kando yao wamesimama punda wenye madebe. Maji hayo ni ya kunywa, kupika, kuogesha watoto na kunyweshea mbuzi. Mtoto akishikwa na ugonjwa wa kuhara kwa sababu yake, mama yule yule aliyeyachota humbeba mgongoni kumpeleka dispensari. Na kwa miaka mingi neno la kwanza aliloulizwa mlangoni lilikuwa habari ya fedha.

Maisha ya Bibi Charity Kaluki Ngilu, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya tangu mwaka 2003 hata 2007, ni habari ya safari hiyo ya kutoka mtoni mpaka mlango wa dispensari.

Kutoka jikoni kwenda Bungeni

Bibi Ngilu alizaliwa mwaka 1952 huko Mbooni, katika milima ambayo siku hizi imo katika Kaunti ya Makueni. Alisoma katika Shule ya Wasichana ya Alliance, kisha akafanya kazi ya katibu katika Benki Kuu ya Kenya. Baadaye aliiacha kazi ya mshahara, akaingia katika biashara ya kuoka mikate, na tena akaongoza kiwanda cha vitu vya plastiki. Aliolewa Kitui, na huko ndiko alikoshirikiana na akina mama wa Maendeleo ya Wanawake. Shauri lao kubwa lilikuwa maji na dispensari za karibu.

Husimuliwa sana ya kwamba mwaka 1992, vyama vingi viliporudi Kenya, wanawake wa Kitui walimwendea nyumbani, wakamkuta jikoni akiosha vyombo, wakamwambia kwamba wamemchagua yeye asimame kwa kiti cha Bunge. Alisimama kwa tiketi ya Democratic Party, akashinda Kitui ya Kati. Mwaka 1997 aligombea urais, naye na Profesa Wangari Maathai wakawa wanawake wa kwanza kufanya hivyo nchini Kenya. Alikuwa wa tano katika hesabu ya kura, lakini alirudi Bungeni akiwa mtu anayejulikana kutoka pwani hadi ziwani. Mwaka 2002 alikuwa mmoja wa viongozi waliounganisha vyama vya upinzani katika NARC, na Bwana Mwai Kibaki aliposhinda uchaguzi wa mwezi wa Desemba, alimkabidhi Wizara ya Afya.

Shilingi 10 na shilingi 20

Ili kuifahamu kazi aliyoikuta, yafaa kukumbuka mambo ya nyuma. Mwishoni mwa mwaka 1989 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali zake, kwa shauri lililoitwa kuchangia gharama. Kusudi lilikuwa kupata fedha za dawa. Lakini mkulima wa Mwingi au Kibwezi hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Fedha zake zimo katika mbuzi, kuku na debe la mbaazi. Mvua zisiponyesha hana cha kuuza, na wakati huo huo ndipo magonjwa yanapomjia. Kwa hiyo wengi walikaa nyumbani wakitumaini kupona, na walipofika hospitali walikuwa wamechelewa.

Mwezi wa Julai 2004 Wizara iliyaondoa malipo hayo ya namna nyingi, ikaweka ada moja ndogo: shilingi 10 katika dispensari na shilingi 20 katika kituo cha afya. Watoto wasiotimiza miaka mitano, na wenye malaria au kifua kikuu, hawakupaswa kulipa. Mwaka 2006 dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilianza kutolewa bure katika hospitali za Serikali, na katika mwaka huo huo vyandarua vyenye dawa zaidi ya milioni 3 viligawiwa bure kwa ajili ya watoto wadogo. Mwaka 2007 ada ya kuzalishwa iliondolewa katika dispensari na vituo vya afya.

Hata hivyo haki yataka upande wa pili usemwe pia. Ada iliposhushwa, wagonjwa walimiminika, lakini dispensari nyingi zilipungukiwa na fedha za kulipa mlinzi, za sabuni na za mafuta ya taa. Baadhi yao zikaanza tena kutoza zaidi ya kile kilichoamriwa. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba haitoshi kumwambia mgonjwa asilipe. Lazima pawe na mtu mwingine alipaye.

Mauti yaliyotoka ghalani

Mwaka huo huo wa 2004 msiba uliipata nchi ya Waziri mwenyewe. Wagonjwa wenye macho ya manjano na matumbo yaliyovimba walianza kufika hospitali za Makueni na Kitui. Wengi walikufa upesi. Waganga walipochunguza waligundua kwamba si homa ya kuambukizana, bali ni sumukuvu, yaani sumu itokayo katika kuvu la mahindi. Kufikia mwezi wa Julai watu 317 walikuwa wameugua, na 125 kati yao wakafa. Wengi wao walikuwa wa Makueni na Kitui.

Jinsi sumu hiyo ilivyoingia ni jambo la kumfundisha kila mkulima. Ukame ulikuwa umeidhoofisha mimea, na mahindi yakavunwa yakiwa na unyevu. Kwa kuwa njaa ilikuwa karibu na wezi walihofiwa, watu wengi hawakuyaweka katika ghala iliyoinuliwa juu ya nguzo, bali waliyarundika ndani ya nyumba. Kuvu likaota humo gizani. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, wala haionekani kwa macho sikuzote. Nayo huharibu ini. Serikali ilikusanya mahindi mabaya na kugawa mengine, lakini kwa mtu mwenye njaa ilikuwa vigumu kuutoa mfuko wake wa mwisho.

Basi msiba huo ulionyesha kwamba afya haianzii hospitali. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, punje zilizobadilika rangi au kunuka zitengwe, na ghala iwe mahali pakavu penye kupitisha hewa. Hakuna sindano iwezayo kuifanya kazi hiyo.

Muswada uliokataliwa

Kazi kubwa kuliko zote aliyoijaribu Bibi Ngilu ni muswada wa bima ya afya ya watu wote. Kenya ilikuwa na mfuko wa bima ya hospitali tangu 1966, lakini waliofaidi zaidi ni wenye mishahara. Muswada wa 2004 ulitaka kila Mkenya aingizwe, mwenye uwezo achange kwa kadiri yake, na maskini alipiwe na Serikali. Bunge liliupitisha mwishoni mwa mwaka huo. Lakini wengi walisema nchi haina fedha za kutosha, na wenye makampuni ya bima na waajiri hawakuridhika. Rais Kibaki hakuutia sahihi, na muswada ukalala.

Mwezi wa Oktoba 2007, karibu na uchaguzi, Bibi Ngilu alitangaza kwamba atamuunga mkono Bwana Raila Odinga. Rais akamwondoa katika Baraza la Mawaziri, na kazi yake katika Wizara ya Afya ikakoma hapo.

Mbegu iliyokawia kuota

Serikali ya muungano ilipoundwa mwaka 2008, alipewa Wizara ya Maji na Umwagiliaji, akaishika mpaka 2013. Akawa amerudi kwa shauri lile lile aliloanza nalo pamoja na akina mama wa Kitui. Mwaka 2013 aliutaka useneta wa Kitui akashindwa. Akawa Waziri wa Ardhi na Nyumba mpaka 2015. Mwaka 2017 watu wa Kitui walimchagua kuwa Gavana, naye alikaa mpaka 2022. Wakati wa ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, kiwanda cha nguo cha Kaunti kilishona barakoa kwa mikono ya vijana wa Kitui.

Na bima je? Katiba ya mwaka 2010 iliandika kwamba afya ni haki ya kila mtu, na kuanzia 2013 hospitali nyingi ziliwekwa chini ya kaunti. Jirani wa Kitui, Kaunti ya Makueni chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mwaka 2016 mpango ambao kila nyumba ilichanga shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za Kaunti. Mwaka 2013 ada za dispensari na vituo vya afya vya Serikali ziliondolewa kabisa. Na mwaka 2023, karibu miaka 20 baada ya muswada ule kukataliwa, sheria mpya ya bima ya afya kwa Wakenya wote ilitiwa sahihi. Ikaanza kutumika Oktoba 2024, ingawa palikuwa na mashindano makali mahakamani.

Sheria hiyo si ile ya 2004, wala haijamaliza manung'uniko. Lakini shauri lake ni lile lile: mzima amchangie mgonjwa leo, ili naye achangiwe kesho. Wakamba wa vijijini walilijua jambo hili zamani katika mwethya, ambapo majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja na kesho la mwingine. Jembe la mtu mmoja huchelewa. Majembe 20 humaliza kabla jua halijawa kali. Hakuna aliyepata kuhesabu mwethya kuwa ni hasara kwa sababu siku yake ya kulimiwa haijafika.

Kwa hiyo mkulima anayeanika mahindi yake vizuri, karani anayekatwa mchango wake kila mwezi, na mama anayechemsha maji ya mtoni kabla ya kumpa mtoto, wote watatu wamo katika kazi moja na Waziri. Yeye aliweza kuandika muswada. Wao ndio wanaoweza kuufanya uwe afya.