Maharage Kwenye Mkoba wa Baiskeli

Safari ya baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara kuu inayopita Morogoro na Iringa ni ya zaidi ya kilomita 800, na mwendeshaji mwenye mizigo huweza kuhitaji kilokalori 4,000 au zaidi kwa siku. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa huulizwa kwanza atapata wapi protini, yaani kirutubisho kinachojenga misuli. Lakini swali hilo si gumu, kwani gramu 100 za karanga zina takriban gramu 25 za protini, na karanga huuzwa karibu katika kila kituo cha mabasi.

Ugumu wa kweli uko katika moto na muda. Maharage makavu huchemka saa nzima na zaidi, jambo ambalo jiko dogo la spiriti halilimudu, na baada ya kuupanda mlima Kitonga tatizo huongezeka, kwa kuwa Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 95 hivi badala ya 100. Wala kuyaloweka tu na kuyapasha moto hakutoshi, kwa sababu maharage mekundu yana lektini, sumu ya asili inayovuruga tumbo vibaya, ambayo huharibiwa kwa mchemko mkali. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika nyumbani kabla ya safari: maharage hupikwa yakaiva kabisa, hutandazwa na kukaushwa katika oveni ya moto mdogo mpaka yavunjike mkononi, kisha njiani hurudishiwa maji na kuwa tayari baada ya dakika chache za kuchemka.

Choroko zina njia yao, nayo ni nzuri zaidi. Zikilowekwa usiku kucha, zikamwagwa maji na kufungwa katika kitambaa chenye unyevu kinachosuuzwa asubuhi na jioni, huchipua zikiwa juu ya mizigo, huiva upesi, na hupungukiwa na fiteti, kemikali ya mbegu inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma. Ubuyu unaopatikana njiani, hasa Ruaha Mbuyuni, husaidia upande huohuo kwa vitamini C yake, ilhali chai inayonywewa pamoja na mlo hudhuru, hivyo ni bora isubiri saa moja.

Barabarani mwili hutegemea glikojeni, akiba ya wanga iliyomo misulini na katika ini, ambayo huweza kupungua sana baada ya saa mbili za kukanyaga kwa nguvu. Ndiyo maana hushauriwa kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, kiasi ambacho ndizi mbili mbivu za ukubwa wa kati hukitosheleza. Kinachokosekana kabisa katika mimea hii yote ni vitamini B12, ambayo mishipa ya fahamu na damu huihitaji, na vidonge vyake sharti vifungashwe pamoja na chumvi na unga wa uji.