Kasha la Leta likifungwa, nani anaumia?

Zungumzo letu la leo ni juu ya bajeti ya Leta. Pengine unasema: «Bajeti ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Mimi natafuta bunga ya leo.» Ngoja kidogo. Bunga yako na bajeti ile zinatembea pamoja.

Bajeti ni nini? Ni hesabu ya feza itakayoingia na feza itakayotoka kwa mwaka mzima. Serikali inaiandika, Bunge linaichunguza na kuipigia kura. Mwenye kutumia feza si yule mwenye kutoa ruhusa. Hiyo ni desturi nzuri, maana inazuia mtu mmoja kula peke yake. Lakini wakubwa wakigombana, ruhusa ile inageuka kuwa silaha.

Katika Marekani, mwaka wa 2025, Bunge lilikosa kupatana juu ya bajeti. Ofisi nyingi za serikali zilifungwa siku 43, kutoka tarehe 1 mwezi wa kumi hadi tarehe 12 mwezi wa kumi na moja. Wafanyakazi wengi walibaki nyumbani bila mshahara, wengine walitumika bila kulipwa. Ugomvi ulipoisha, sheria iliagiza walipwe deni lao.

Kwetu Leta haifungi kwa namna ile. Mlango unabaki wazi, lakini ndani hamna kitu. Mwalimu anaingia darasani, muuguzi anavaa kanzu yake, na mwisho wa mwezi mikono mitupu.

Wazee wetu wanakumbuka vizuri. Mwezi wa nane 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, mahali pa Nguz Karl-i-Bond. Rais Mobutu na waziri huyo hawakupatana juu ya nani atashika hazina ya inchi na benki kuu. Ikatoka noti mpya ya zaïre milioni tano. Tshisekedi akasema noti ile si halali, kwani itapandisha bei. Mwezi wa kwanza 1993, askari wakalipwa kwa noti ileile. Wakaenda sokoni, wachuuzi wakaikataa. Askari wakaanza kupora Kinshasa, watu wengi wakafa, hata balozi wa Ufaransa Philippe Bernard akauawa. Baadaye inchi ikawa na mawaziri wa kwanza wawili, kila mmoja na serikali yake. Hata feza iligawanyika: Kasai ilikataa noti mpya na kuendelea kutumia za zamani. Wakubwa walipatana kidogo tu mwaka wa 1994, Kengo wa Dondo alipochaguliwa na bunge la mpito.

Na hapa Likasi? Ugomvi wa vyeo kule juu ulishuka mpaka kwenye viwanja vyetu. Wakati huo Gécamines ilikuwa inaanguka: mwaka wa 1993 ilitoa shaba chini ya tani 50 000, nayo zamani ilipita tani 400 000. Watu walikuwa na njaa na hasira. Badala ya kuulizwa wenye kushika kasha, aliulizwa jirani. Watu wenye asili ya Kasai, wengi waliozaliwa papa hapa, waliitwa «bilulu», yaani wadudu. Kutoka mwezi wa nane 1992 walifukuzwa katika nyumba zao. Makumi ya maelfu walilala kwenye stesheni na katika masomo, wakingoja treni. Watoto walikufa kwa magonjwa wakingoja. Jiulize, ndugu: jirani alipoondoka, je, mshahara ulirudi? Haukurudi. Walimu nao walikosa kulipwa, wazazi wakaanza kuwalipa kwa mifuko yao. Mzigo ule ulidumu mpaka 2019, serikali ilipotangaza masomo ya msingi bila malipo.

Leo sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 126, inaagiza serikali ilete bajeti mbele ya wabunge kabla tarehe 15 mwezi wa tisa haijapita. Ikiletwa kwa wakati na kura isipigwe mpaka mwaka mpya unafunguka, Rais anaitia kazini pamoja na marekebisho yaliyokubaliwa na mabaraza mawili. Serikali ikichelewa, inapashwa kuomba Bunge ruhusa ya feza ya muda. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba hulipwi kwa sababu tu wabunge hawakupiga kura. Kifungu cha 175 kinasema 40 kwa 100 ya mapato ya taifa ni ya majimbo. Juu ya hiyo pia watu wamegombana miaka mingi.

Basi, mshahara ukichelewa, uliza maneno matatu. Bajeti iliwekwa lini? Feza ilitoka Kinshasa ao haikutoka? Kama ilitoka, ilisimama kwa nani? Maulizo hayo mpelekee mbunge wako, wa taifa na wa jimbo, kwa barua yenye majina ya wengi, bila jiwe mkononi. Na mtu akija kukuambia kwamba jirani yako ndiye amekula mshahara wako, mwulize: «Jirani yangu ana ufunguo gani wa kasha?»

Mwenye ufunguo ndiye mwenye kujibu. Jirani hana ufunguo. Naye anangoja bunga kama wewe.