Tumbo la Asubuhi za Shule

Ndugu wanavikundi wa Chaani, mtoto akilalamika tumbo kila asubuhi ya shule, na dawa ya minyoo keshapewa, huenda ni msongo wa mawazo. Mdogo huanza tena kukojoa kitandani. Kijana hukosa usingizi. Tumpeleke kwa daktari, hapo Port Reitz tu. Atampima mwili kwanza, maana pengine ni ugonjwa kweli. Tumweleze na ya nyumbani: kibarua cha baba kilichoota nyasi, ugomvi. Si umbea huo! Akitaka kuzungumza na kijana peke yake, tutoke bila kununa. Na kijana akisema anataka kufa, tumpeleke siku hiyo hiyo. Tusiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya kumshtaki aliyejaribu kujiua inakiuka Katiba.