Kabla ya kulala hotelini Mombasa na watoto, soma haya

Shule zikifungwa Desemba, familia nyingi za Nairobi hupanda basi au gari moshi kwenda Mombasa. Si kila mtu awezaye kulipia hoteli za ufuoni. Wengi hulala katika hoteli za katikati ya mji, ambako vyumba hujaa pomoni, wageni huingia na kutoka usiku kucha, na wahudumu hawana nafasi hata ya kuketi. Wazazi huhangaika na nauli, mizigo na bei ya chumba. Afya ya watoto huachiwa wenye hoteli.

Jambo hilo ni la hatari. Mama ambaye nyumbani huchemsha maji ya kunywa na kufunika kila chungu, akifika hotelini humruhusu mtoto asukutue kwa maji ya mfereji, eti kwa kuwa beseni linang'aa. Lakini mji wa Mombasa una uhaba wa maji wa miaka mingi, na majengo mengi hutegemea visima au maji yaletwayo kwa malori na kuhifadhiwa katika matangi. Huwezi kujua tangi hilo lilisafishwa lini. Mpe mtoto maji ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa, au maji yaliyochemshwa, hata ya kupigia mswaki. Barafu ya kutia katika sharubati iepuke, kwani nayo ilikuwa maji.

Usidhani kwamba ukubwa wa hoteli ni kinga. Mnamo Juni 2017, makumi ya watu waliohudhuria kongamano katika hoteli moja ya Nairobi walipatwa na kipindupindu, na hiyo haikuwa hoteli ya vichochoroni. Chakula kikipikwa kwa ajili ya mamia ya watu, kosa la mpishi mmoja huwafikia wengi.

Katika meza ya kujipakulia, chagua kinachotoka mvuke. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili bila kuwekwa motoni au katika jokofu, na katika joto la Pwani, muda huo ni mfupi zaidi. Mayai, kuku, samaki na wali uliopoa ni vya kutiliwa shaka. Kachumbari na matunda yaliyokatwa mapema yaache. Mnunulie mtoto ndizi au chungwa umenye mwenyewe. Ni afadhali kula mapema, sufuria zinapoletwa, kuliko kungoja foleni ipungue.

Beba pakiti kadhaa za chumvi ya kuongeza maji mwilini, yaani ORS, na tembe za zinki. Mtoto akianza kuhara, mpe maji hayo kidogo kidogo bila kungoja. Ukikosa pakiti, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawasawa na ukingo wa kijiko. Anyonyaye aendelee kunyonya. Macho yakididimia, akikosa mkojo, akilegea au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitalini usiku huohuo.

Kuhusu kidimbwi cha kuogelea, neno moja tu. Mtoto anayezama hapigi kelele, naye hufa kwa dakika chache. Mlinzi wa kidimbwi, kama yupo, ana watoto 30 wa kutazama. Wako ni wako. Na chumba kikiwa ghorofani, ondoa kiti na meza katika roshani kabla hata hujafungua mizigo.

Sasa tumfikie mbu, ambaye wasafiri wa Nairobi humdharau kupita kiasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wake huwatatiza vijidudu vya malaria wanapokua ndani ya mbu. Mombasa ni mji wa joto na unyevu. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hana kinga ya malaria hata chembe. Wapo akina baba waliokulia Kisumu au Busia ambao hucheka wakiambiwa habari za neti, wakisema walizoea malaria tangu utotoni. Kinga ya namna hiyo hufifia mtu akikaa miaka mingi mbali na ugonjwa, na wala hairithiwi na watoto wake. Mama mjamzito na mtu mwenye ugonjwa wa selimundu wamwone daktari kabla ya safari ili awape ushauri kuhusu dawa za kukinga.

Kabla ya kulipia chumba, omba uonyeshwe kitanda. Neti iwe nzima na ifike chini ya godoro. Ukiona tundu, lifunge fundo au udai nyingine, na usione haya. Unalipa pesa zako. Kiyoyozi husaidia madirisha yakiwa yamefungwa, lakini stima ikipotea saa saba za usiku na ukafungua dirisha, mmekwisha. Afadhali uje na neti yako. Mbu wa malaria huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, basi wanaokula jioni uani wavishwe mikono mirefu na soksi. Yuko pia mbu wa mchana, aenezaye homa ya dengi, ambayo ilizuka Mombasa mwaka 2013. Yeye huzaliana katika vyungu vya maua na mikebe yenye maji.

Ila jambo linalowaponza wengi hutokea baada ya safari. Vijidudu vya malaria vikishaingia mwilini hujificha kwanza katika ini. Dalili huanza baada ya siku 7 au zaidi, aghalabu kati ya siku 10 na 15. Mtakaa Mombasa siku nne, mtarudi Buruburu au Kawangware watoto wakiwa wazima, na wiki ya pili mmoja apate homa na kutapika. Mzazi atasema ni mafua ya baridi, anunue dawa ya kikohozi dukani. Malaria kali yaweza kumwua mtoto ndani ya saa 24.

Kwa hiyo, yeyote akipata homa katika miezi mitatu baada ya safari, mwende hospitalini siku hiyohiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe: "Tulikuwa Mombasa." Asipoambiwa, huenda daktari wa Nairobi asiifikirie malaria. Damu ipimwe kabla ya dawa yoyote ya malaria. Wakati huo mtoto apewe parasetamoli kulingana na uzani wake, wala si aspirini. Kipimo kikionyesha hakuna malaria na homa ikazidi, rudini apimwe tena kesho yake, kwa sababu vijidudu vikiwa vichache huweza kukosekana katika tone la kwanza la damu.