Kumfundisha Mwanafunzi Kutunga Sentensi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, istilahi nyingi zimesanifiwa, na nyingi kati yake ni nomino. Kazi hiyo yaweza kutusahaulisha kwamba msomaji hasomi istilahi moja moja, bali husoma sentensi. Mwanafunzi aliyekariri istilahi pasipo kufunzwa kutunga sentensi, siku akiwa mtumishi wa umma ataandika tangazo kama hili:

"Utoaji wa malipo kwa wakulima ambao wamepeleka mazao ghalani utafanyika baada ya kukamilika kwa upimaji wa mazao hayo."

Kisarufi halina kosa. Lakini lina maneno 18, na matendo yake makuu, kulipa na kupima, yamefungwa ndani ya nomino. Kitenzi "utafanyika" kimebaki bila kazi ya maana. Hapo mwalimu amwulize mwanafunzi maswali matatu: Nani anatenda? Anatenda nini? Anamtendea nani? Majibu yake yatazaa sentensi hii:

"Chama kitawalipa wakulima waliopeleka mazao ghalani kikishayapima."

Sasa maneno ni 7. Yafaa mwanafunzi akichambue kitenzi "kitawalipa": ki- chamwonyesha mtendaji, -ta- wakati ujao, -wa- watendewa, na -lipa ndilo tendo lenyewe. Kitenzi cha Kiswahili kimeumbwa kubeba mzigo huo. Kukinyima ni kuinyima lugha nguvu yake.

Faida si ufupi peke yake. Sentensi ya kwanza ilimficha mdaiwa. Ya pili imemtaja. Mkulima akiisoma ajua aende kwa nani kudai haki yake.

Hata hivyo, mwalimu asikimbilie kuipiga marufuku "amba-". Kitenzi chenye -me- au -ja- hakipokei kirejeshi ndani yake, hivyo "wakulima ambao hawajapeleka" ni sahihi na ni lazima. Wala "upimaji" si neno baya. Ni jina halali la kazi hiyo. Kosa ni kulitwika kazi ya kitenzi.

Kwa zoezi, wanafunzi walete matangazo halisi, wayasome kwa sauti, wapige mstari chini ya kila tendo lililofichwa katika nomino, kisha wayaandike upya. Sisi wasanifu istilahi nasi tushiriki zoezi hilo, kwani istilahi njema ndani ya sentensi mbovu haimfikii aliyekusudiwa.